Shingo yangu, bwawa la watu, na ushauri wa "acha tu"

Nimeadimika. Wiki tatu sijaandika chochote hapa na wengine mmenitumia ujumbe mkidhani nimesapu nikakimbilia kwetu mlimani. Hapana. Sijaandika kwa sababu kuandika kunauma. Na hiyo si tamathali ya semi, ndugu zangu wa Kiswahili, msianze kuichambua. Nikiinamia kompyuta dakika kumi na tano tu, kuna kitu kinanikaba kuanzia kisogoni, kinashuka upande wa kulia wa shingo, kinakwenda kujichimbia kati ya uti wa mgongo na bega, pale ambapo mkono wako mwenyewe haufiki. Kinakaa hapo. Ukilala kipo, ukiamka kipo. Huu mwezi wa tano.

Leo naandika nimesimama. Kompyuta iko juu ya sanduku, sanduku liko juu ya meza. Mwenzangu wa chumba, Mnyamwezi, mtani wangu, anasema nafanana na mhubiri wa stendi ya Msamvu. Sawa bwana. Basi leo nahubiri.

Mji wetu mnajua unavyoitwa: Moro, mji kasoro bahari. Milima tunayo, mito tunayo, matunda mpaka yanaoza, bahari ndiyo hatuna. Sasa mimi nikachagua kuwa mwogeleaji katika mji ambao hata jina lake la utani linakwambia hapa si mahali pake. Bwawa ninalotumia ni la hoteli moja ya hapa mjini. Silipi kiingilio. Jumamosi nafundisha watoto wa wageni na wa wenye nacho kupiga mbizi, na mimi napewa kuogelea asubuhi tatu kwa wiki kabla wateja hawajaamka. Nasema hili mapema kwa sababu kuna mtu ataniuliza pesa ya bwawa natoa wapi na bumu lenyewe linachelewa. Ndiyo natoa hapo.

Sasa hasira yangu.

Nilipoanza kuumwa nilikwenda kwenye zahanati moja, siitaji. Tabibu hakuinuka kwenye kiti. Akauliza, "Unafanya kazi gani?" Mwanafunzi. "Mazoezi?" Naogelea. Akaacha hata kuniangalia, akaandika diklofenaki na panadol, akasema: "Acha kuogelea, utapona." Dakika mbili hazikuisha. Nikarudi chuoni, mwenzangu wa chumba: acha kuogelea. Shangazi kwenye simu: acha hayo maji baba, yana baridi, yanaingia kwenye mifupa. Mjomba, ambaye kwetu Waluguru neno lake ni zito kuliko la baba, akasema maji ya mabwawa ya hoteli si ya kuchezea, hujui nani ameyaoga kabla yako. Dada mmoja wa kozi yetu akaniombea, nashukuru, halafu naye: acha tu.

Nikaacha. Wiki tatu kamili sikugusa maji. Na maumivu yakazidi!

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri badala ya kutii. Wiki ina saa 168. Mimi nilikuwa majini saa 3. Hakuna hata mmoja kati ya madaktari wangu wote, wa cheti na wa mdomo, aliyeniuliza zile saa 165 nyingine ninazitumiaje. Nawaambieni ninyi, maana ndizo zenu pia. Lekcha ya saa tatu kwenye kiti chenye kimeza cha pembeni, kimeza chenyewe kimelegea, unaandika umejipinda kama mkia wa kinyonga. Ukitoka hapo vimbweta. Nani alipima vile vimbweta? Benchi la zege halina egemeo, meza iko chini ya kifua, na sisi tunakaa pale kuanzia saa kumi jioni mpaka mbu watufukuze, tumeinamia desa. Ukitoka vimbweta, kitandani na simu, kichwa kimekunjwa ukutani, kidevu kifuani, mpaka saa saba usiku. Begi la kompyuta bega moja, la kulia, kila siku. Halafu mtu anakwambia tatizo ni maji.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo tano hivi. Mwaka 2014 daktari mmoja wa upasuaji wa mgongo huko Marekani, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu ya mzigo unaoiangukia shingo kadiri unavyoinama. Kichwa kikiwa wima, ni hizo kilo tano. Kikiinama nyuzi 60, yaani ule mwinamo wetu wa kusoma meseji, mzigo unafika karibu kilo 27. Hiyo ni zaidi ya ndoo ya lita ishirini imejaa pomoni. Ni hesabu ya kompyuta, si watu waliopimwa, na wapo wataalamu wanaobisha kwamba mkao peke yake hausababishi maumivu. Mimi nakubaliana nao nusu. Kuinama hakumuui mtu, mbona tunalima. Kinachotumaliza ni kuinama saa nne pasipo kugeuka hata kutazama nani anapita. Misuli imeumbwa kukaza na kulegea, sisi tunaikaza tu.

Naomba nipitie na kwa vinyozi kabla sijasahau. Nilipozidiwa, rafiki mmoja akanipeleka saluni fulani, eti yule jamaa ana mkono. Akimaliza kunyoa anakuchua kichwa, anakuchua mabega, unasinzia, halafu ghafla anakamata kidevu na kisogo: KAA! Upande huu. KAA! Upande ule. Kweli unatoka pale umekuwa mwepesi. Kwa saa mbili. Mimi nilikwenda mara tatu, najisema mwenyewe. Baadaye nikaelezwa kitu kilichonifanya nitokwe jasho. Kuna mishipa miwili ya damu inayopanda kwenda kwenye ubongo ikipenya ndani ya matundu ya pingili za shingo zenyewe. Ukizungusha shingo kwa ghafla na kwa nguvu, mshipa unaweza kuchanika kwa ndani, damu ikaganda, mtu akapata kiharusi. Hutokea mara chache, lakini imetokea na kuandikwa, na kwa vijana pia. Kwa hiyo ndugu zangu wanaume wa hosteli, nyoeni, wachuliwe mabega wanaotaka, lakini shingo mwambieni aiache. Kile kishindo cha KAA hakirudishi mfupa wowote mahali pake. Ni mapovu ya hewa ndani ya maungio.

Na zile dawa. Nilimeza diklofenaki kama karanga. Pakiti ikiisha naenda duka la dawa, hakuna anayeuliza cheti. Mwezi wa pili tumbo likaanza kuwaka moto. Dawa za jamii ile zinatuliza, ndiyo, lakini zikitumika muda mrefu zinachubua tumbo mpaka vidonda na zinazielemea figo. Mtu anayekupa dawa ya siku tano kwa ugonjwa wa miezi mitano anajua utarudi dukani mwenyewe.

Aliyenisaidia ni fizio wa hospitali moja, mtu mzima, mpole. Alinikalisha, akanishika, akaniuliza kama mikono inakufa ganzi, kama vitu vinanidondoka, kama natembea nikiyumba, kama nilishawahi kuanguka au kuruka kichwa mbele kwenye maji mafupi. Akasema kama jibu lingekuwa ndiyo hata kwa moja, asingeniambia habari za mazoezi, angenipeleka kwa daktari siku ileile. (Hilo la kuruka kichwa mbele wadogo zangu mnaokwenda mtoni mlisikie. Jiwe la chini ya maji halionekani na pingili za shingo ziko saba tu.) Halafu akasema kitu ambacho hakuna aliyewahi kukisema: "Hebu lala kifudifudi hapo kitandani, uogelee nikuone."

Nikaogelea juu ya kitanda cha hospitali. Wagonjwa wanacheka. Yeye hakucheka.

Na hapa lazima niseme ukweli ambao unaharibu kidogo hoja yangu: maji nayo yalikuwa na sehemu yao. Mimi nimejifunza kuogelea kwenye Mto Morogoro, juu kule Towero, kwenye vidimbwi vya katikati ya mawe. Mtoni kichwa hakiingii majini. Ukiingiza kichwa hulioni jiwe, humwoni mwenzako anayekurukia, huoni gogo. Kwa hiyo watoto wote wa Towero tunaogelea kichwa juu kama mbwa, na nikalihamisha hilo zima zima mpaka kwenye bwawa la hoteli. Fizio akanionyesha: ukiinua kichwa, kiuno na miguu vinazama, unaanza kuburuta mwili badala ya kuteleza, na shingo imekunjwa kwa nyuma muda wote ikishikilia kilo tano juu ya maji. Halafu navuta pumzi upande wa kulia tu. Tulipiga hesabu. Bwawa lile nalipita mara 50 kwa asubuhi, kila mpito pumzi nane. Mara 400 shingo inageuka kulia. Kushoto mara sifuri. Fanya hivyo asubuhi tatu kwa wiki halafu ujiulize kwa nini upande mmoja umekuwa kamba.

Hakusema acha. Alisema tazama sakafu ya bwawa, usitazame mbele. Acha maji yakubebe kisogo. Ukitaka hewa, zungusha kiwiliwili chote, shingo ifuate, jicho moja libaki majini. Pumua kila baada ya mikono mitatu ili pande zibadilishane. Mtindo wa chura wa kichwa juu, ule wa kina mama wa hotelini wasiotaka kulowesha nywele, niuache kabisa mpaka nitakapopoa, badala yake niogelee chali. Na nchi kavu akanipa kazi mbili. Moja, kusimama na mgongo ukutani, kuvuta kidevu nyuma kana kwamba unatengeneza kidevu cha pili, kuhesabu hadi tano, mara kumi. Ya pili, mpira wa ndani wa tairi la baiskeli: unaufunga kwenye nondo ya dirisha, unauvuta kwa mikono miwili mpaka mafupa mapana ya nyuma ya mabega yakutane. Misuli ya pale ilikuwa imelala, akasema, na shingo ilikuwa inafanya kazi yake na ya jirani.

Sasa ni wiki ya saba. Sijapona. Nimepungua, tuseme, kutoka kilio hadi manung'uniko. Kugeuza kichwa kuangalia bodaboda kabla ya kuvuka naweza. Diklofenaki sijanunua tangu mwezi uliopita.

Mtaniuliza kwa nini naogelea basi, kwani nitakuwa nani. Olimpiki ya Paris 2024 tuliwakilishwa majini na Sophia Latiff na Collins Saliboko, kabla yao Rio 2016 Hilal Hilal na Magdalena Moshi. Mimi siko huko na sitakuwa huko, naijua saa yangu. Naogelea kwa sababu nasomea ualimu, na nchi hii inapeleka walimu ziwani na visiwani wasiojua kuelea. 21 Mei 1996, MV Bukoba. 10 Septemba 2011, MV Spice Islander. 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa gati la Ukara, watu zaidi ya 200 wakafa nchi kavu wakiiona. Siwaambii kuogelea kungewaokoa wote, walionaswa ndani wangefanya nini. Lakini nikipangiwa Ukerewe sitaki kuwa mwalimu wa Jiografia anayechora ziwa ubaoni tu. Ndiyo maana neno "acha" lilinikera kuliko maumivu. Kwa mtu wa zahanati kuogelea ni mchezo wa matajiri, ukikuuma si unaacha, utapungukiwa nini.

Ila kuna jambo lingine, na ndilo lililonifanya nisimame leo mbele ya sanduku hili.

Juzi tuko vimbweta, namweleza jamaa mmoja wa mwaka wa tatu habari hizi. Chini ya barabara wanapita kina mama wametoka mlimani, ndizi kichwani, wengine na mtoto mgongoni. Jamaa akacheka, akasema: "Wewe Mluguru unalia shingo kwa kuogelea, angalia mama zako wale, mkungu mzima kichwani tangu huko juu na hawalalamiki. Shingo zao zimezoea. Wamezaliwa nazo."

Sikumjibu pale. Namjibu hapa.

Mama yangu ni mmoja wa wale. Anashuka kutoka Towero saa kumi na moja alfajiri, ngata ya khanga kichwani, mkungu juu yake, mpaka Soko Kuu la Chifu Kingalu. Ada yangu ya sekondari ilishuka mlima ule kichwani kwake. Na shingo inamuuma. Inamuuma kabla mimi sijazaliwa. Usiku anajifunga khanga shingoni akiwa ameipasha moto kwenye sufuria, na sisi watoto tulidhani ndivyo wanawake wanavyolala. Halalamiki kwa sababu akilalamika nani atabeba?

Hilo la "wamezaliwa nazo" lina hata wasomi wake. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti juu ya wanawake wa Kenya, Wajaluo na Wakikuyu, ukaonyesha kwamba waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Utafiti wa kweli, na mwendo wao ni wa kustaajabisha. Lakini shika kalamu. Mama yangu ana kilo 55. Asilimia 20 ni kilo 11. Ndoo ya maji peke yake ni kilo 20, na mkungu uliokomaa unaupita huo mpaka kwa urahisi. Tena ule utafiti ulipima pumzi, haukuuliza shingo. Mwaka 2010 watafiti waliolinganisha ubebaji wa kichwani na wa mgongoni Afrika Kusini hawakuuona ule muujiza kwa jumla, na mizigo ya kichwani ilileta malalamiko ya shingo. Mwaka huohuo wengine walioangalia wabeba maji wa Limpopo wakakuta maumivu ya shingo na mgongo ni jambo la kawaida. Kumbe wanalalamika. Wanataka tu mtu aulize.

Mwaka jana nilimpeleka mama kituo cha afya. Unajua aliambiwa nini? "Mama, punguza kazi." Mimi niliambiwa niache, yeye akaambiwa apunguze, na sote wawili hakuna aliyeguswa shingo. Mimi kuacha nilikuwa naweza, ningebaki na huzuni tu. Yeye akiacha, hapali chumvi. Bodaboda? Boda hafiki mpaka shambani, na akifika anadai hela ambayo ukiitoa kwenye bei ya mkungu unajiuliza kwa nini uliupanda. Mkokoteni hauteremki kwenye njia ile, ungeua mtu. Kwa hiyo usije ukanisomea habari za "uelimishaji juu ya ubebaji bora". Mama yangu anajua kubeba. Kinachotakiwa ni njia ipitike mpaka kwenye mashamba, pikipiki moja ya magurudumu matatu ya kikundi, na mtu wa fizio anayefika kwenye kituo cha afya walau siku moja kwa mwezi, badala ya kukaa mjini akisubiri wenye nauli kama mimi.

Na sisi hapa chuoni, tunaojiandaa kwenda BTP kuwaambia watoto wakae wima: kiongozi wetu wa darasa anatafuta hoja za kupeleka kwa mshauri wa wanafunzi. Mpelekeeni vimbweta. Mpelekeeni vile viti. Lekcha ya saa tatu iwe na dakika tano za kusimama, haigharimu shilingi. Mhadhiri mmoja nilimwomba, akaniuliza kama naumwa bawasiri. Darasa zima likaangua kicheko. Sikukaa.

Kuna atakayesema, kama alivyosema yule jamaa nilipoinuka: "Mama yako anabeba ndizi, wewe unacheza maji ya hoteli." Imenichoma, sikatai. Nimeilalia siku tatu. Jibu zuri sina. Nilichofanya ni kumpigia mama, nikamweleza ule mchezo wa ukutani wa kuvuta kidevu. Akacheka sana, akasema nafundishwa ujinga chuoni. Baadaye dada yangu mdogo akanipigia kwa siri: mama anaufanya, asubuhi, nyuma ya jiko, akidhani hakuna anayemwona.

Jumamosi hii bwawa nimeliomba ruhusa. Napanda Towero Ijumaa jioni, tunashuka pamoja alfajiri. Mkungu tutaukata vichane huko huko shambani, nusu kichwani kwake, nusu kwenye begi langu la mgongoni, kamba zote mbili mabegani. Amesema nitamwaibisha, mwanaume na ndizi kwenye begi la shule. Nimemwambia tutaona mbele ya safari. Kompyuta naiacha chumbani, kwa hiyo kabla ya Jumatatu msinitafute.